Minyaa ya Uani

Jumatatu, 9 Oktoba 1911

Nimechemsha maji, nimemwagia nyufa za sakafu. Papasi watatu tu. Jana walikuwa kumi na mmoja. Nimekung'uta ngozi za kulalia. Nimemsuka Foibe nusu kichwa, nusu iliyobaki amekimbia nayo.

Saa nne kaja askari wa boma, anapita nyumba hadi nyumba. Bwana daktari ameamuru kila ua usafishwe kabla ya mvua, kwa sababu ya homa ya papasi. Takataka zichomwe, magofu yasawazishwe. Ukaguzi ni Jumatatu, tarehe 23. Atakayekutwa na uchafu, nyumba yake itatiwa moto na yeye atajua pa kulala. Alisema hayo huku anaunyoshea kidole ua wangu. Dodoma nzima inaujua ua wangu.

Sikuuchafua mimi. Tumehamia mwezi wa Juni. Baba Yona hakumaliza hata mwezi, akapelekwa kutandaza waya wa simu upande wa Tabora. Aliyekaa hapa kabla yetu ni seremala wa stesheni. Yeye alikuwa akifungua mlango wa nyuma na kutupa. Nyuma ya takataka zake kuna mahame ya watu wa zamani: tembe lililoanguka, zizi lililoota magugu, na mwisho kabisa duara la minyaa iliyofungamana hata kuku hapiti.

Watoto ninao watatu. Yona ana miaka saba, Foibe mitano, Damari mitatu. Wa nne nilimzika Mpwapwa mwaka juzi. Sina mwingine wa kutoa. Hilo naliandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Askari alipoondoka, Mwaja alikuwa amesimama kwenye ua wake wa miiba. Ni jirani yangu wa nyuma, Mgogo wa hapa hapa, rika langu. Huwa hazungumzi ila lazima. Kasema, "Mama Yona, safisha kote. Kule kwenye minyaa acha."

Nikamuuliza kwa nini. Kasema jua kali, akaingia ndani kwake.

Jumanne, 10 Oktoba

Mgongo umekufa. Kutoka alfajiri hadi saa tano nimetoa: makopo ya nyama ya Wazungu, yasiyohesabika. Soli za viatu saba, zote za mguu wa kushoto. Chupa. Mifupa ya mbuzi. Mlango mzima, mzuri, umeliwa na mchwa. Nge wawili. Nyoka mmoja, nimemkata kwa jembe kabla sijapata muda wa kuogopa.

Watoto nimewapa kazi ili wasinizunguke. Yona anazoa makopo. Foibe anaokota vigae. Damari kazi yake ni kukaa kwenye kivuli na kunitazama. Hiyo ndiyo imemshinda. Mara tatu nimemrudisha kutoka kule mwisho, mara zote tatu amekaa chini mbele ya minyaa, miguu ameinyosha, kama mtu aliyekaribishwa.

Kusafisha na watoto ni kuteka maji kwa pakacha. Ninachotoa wanarudisha.

Alhamisi, 12 Oktoba

Leo nimeikata minyaa. Amri imesema kote. Mwaja si bwana daktari.

Kazi mbaya. Utomvu wake ni mweupe na unatiririka kwa wingi. Foibe alikuwa mbali, nilimwambia awe mbali, na bado tone limemwingia jichoni. Amepiga kelele hadi watu wa stesheni wamesikia. Nimemwosha kwa maziwa ya mbuzi hadi yalipokwisha. Sasa anaona, jicho jekundu. Nimemchapa Yona bila sababu. Baadaye nimemwomba radhi, akarudi kwenye makopo yake.

Katikati ya duara hakukuwa na takataka. Hata jani. Palikuwa na jiwe la kusagia, kubwa, zuri, limelazwa kifudifudi. Nilicheka peke yangu. Miezi minne nasaga kwa jiwe la kuazima. Najua wanaohama hawabebi jiwe, ni zito, hulilaza kifudifudi ili mvua isiliharibu na wakirudi walikute. Hawa hawakurudi. Mahame yana miaka na miaka. Nimelibingirisha hadi jikoni kwa nguzo, nimelisugua kwa mchanga. Chini yake palikuwa pamekandikwa udongo na mavi ya ng'ombe, pa duara, pamekauka na kuwa pagumu. Nimepafagia.

Jioni nimesaga uwele. Jiwe linasaga lenyewe, mkono unafuata tu. Nikampelekea Mwaja unga kidogo ndani ya kibuyu, kwa ujirani. Aliuliza nimesagia jiwe gani. Nilimwambia kwa furaha. Alinirudishia kibuyu kwa mikono miwili, taratibu, akaenda zake bila kuniaga.

Wagogo wana maringo. Nilitaka kuandika neno baya zaidi.

Ijumaa, 13 Oktoba

Saa saba mchana, jua la utosi, hakuna upepo, hata mbwa wamelala. Nikasikia mtu anakwangua chungu. Kwaru. Kwaru. Halafu kimya. Halafu tena.

Watoto walikuwa wamelala ndani, wote watatu, nimewaona. Nilitoka. Ua mweupe kwa jua, hakuna mtu. Sauti ilikuwa haina upande.

Panya buku, bila shaka.

Jumapili, 15 Oktoba

Tumekwenda ibada. Mwalimu kahubiri hadi mtoto wa mtu kazimia kwa joto. Foibe hakuimba wimbo hata mmoja. Njiani kurudi ndipo akaanza kuimba, wimbo nisioujua, wa pumzi fupi fupi, wa watu wanaovuta kitu kizito. Yona akamwitikia. Damari, ambaye bado anasema "maji" kwa shida, akaimba wote.

Nikawauliza nani kawafundisha. Wakatazamana. Foibe akasema, "Mwenzetu."

Mchana Foibe kagawa chakula, anapenda kujifanya mama. Kaweka vibakuli vinne. Nilidhani kimoja ni changu. Nilipogeuka kuchukua changu kilikuwa tupu, kimekwanguliwa safi. Yona aliapa si yeye. Damari alikuwa bado anatafuna cha kwake.

Sijalala vizuri wiki nzima. Mtu aliyechoka husahau kama amekula.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimejua wanachocheza.

Wamekaa pale pa duara, lilipokuwa jiwe. Yona amefunga kidoli cha gunzi kwenye uzi. Wametoboa kitundu kwenye ule udongo kwa kopo, ukubwa wa ngumi. Wanamshusha kidoli, wanangoja, wanaimba ule wimbo, wanampandisha. Mimi nimesimama nyuma yao nikiwa na ufagio mkononi na hawakunisikia. Kidoli kilipotoka kilikuwa na punje za uwele zimeshika kwenye uzi. Nyeusi, za zamani.

Nikawaondoa. Nikatia kijiti kwenye kitundu, kikaingia chote, sikugusa chini. Sikuelewa. Kwetu Kibakwe nafaka hulala kwenye kihenge, juu, penye moshi. Nani anaweka chakula ardhini kama maiti? Lakini nimekumbuka nimewahi kusikia kwamba watu wa huku bondeni walikuwa wakificha mavuno kwenye mashimo, kwa kuogopa misafara na vita. Basi ni shimo la akiba. Nimetulia nilipopata jina lake.

Nimekusanya miiba ya mgunga, mzigo mkubwa, nimeitupa juu yake. Kesho nitatafuta mtu wa kulifukia. Nimewaambia watoto atakayesogea nitamkata masikio. Damari amelia sana. Alilia kama anayetenganishwa na mtu.

Jumatano, 18 Oktoba

Damari hali. Jana hakula, leo hakula. Anasema ameshiba. Nilimfungua kinywa: makapi ya uwele kwenye ulimi. Pumzi yake inanuka ghala lililofungwa. Nikamuuliza amekula wapi. Akaelekeza kidole chini. Si kule uani, hapa hapa, sakafuni, kati ya miguu yangu.

Homa hana. Kupungua amepungua, namwona mbavu. Yule wa Mpwapwa alianza hivi hivi, kukataa chakula, bila homa.

Naogopa. Basi, nimeandika.

Mtu wa kufukia sijapata. Nimewaomba vibarua wawili wa reli. Wa kwanza alisema atakuja, alipoona ni wapi akakumbuka ana msiba. Wa pili Mgogo, hakujisumbua hata kudanganya.

Alhamisi, 19 Oktoba

Asubuhi miiba haikuwa mahali pake. Imesogezwa ikazunguka shimo. Ingekuwa mtu kaivuta, angeiburuta upande mmoja. Hii imesukumwa kutoka katikati.

Nimekwenda kwa Mwaja. Nimeweka kiburi chini. Nikamwambia nieleze pale pana nini, mwanangu hali. Alikuwa anapepeta mtama. Mikono yake ilisimama. Nilidhani atasema. Akasema, "Funga watoto wako ndani saa saba."

"Kwa nini saa saba?"

"Ndiyo saa yenyewe," akasema, akaendelea kupepeta, na mtama ulikuwa unamwagika nje ya ungo bila yeye kuona.

Nilirudi na hasira nyingi kuliko woga. Afadhali.

Ijumaa, 20 Oktoba

Nitaandika yote, kwa mpangilio. Nisipoandika leo, kesho nitajiambia haikuwa.

Niliwafunga ndani. Nilitia komeo. Nikabeba mzigo wa mwisho wa takataka hadi jalalani, nyuma ya tembe bovu, kuuwasha moto. Kwenda na kurudi si muda wa kupika chai. Niliporudi mlango ulikuwa umefungwa bado, na komeo mahali pake. Dirisha la nyuma, tundu la moshi tuseme, mtoto anapita. Sikulifikiria. Nani hufikiria tundu la moshi?

Foibe alikuwa amesimama kwenye jua, mikono masikioni. Yona alikuwa kwenye shimo. Udongo wote umevunjika, mdomo wa shimo wazi, upana wa ungo mdogo. Mkononi kwake kamba ya mbuzi, na mwisho wa kamba kijiti, na juu ya kijiti hakuna mtu.

Kasema, "Mwenzetu amesema tumshushe Dama akamsaidie. Dama ameachia."

Nililala kifudifudi. Kichwa kiliingia, bega moja liliingia, la pili likakataa. Ndani shimo linapanuka, sikuona kuta. Harufu ya pombe iliyochacha na kitu kingine. Nikaita. Nikaita. Hakuna sauti. Niliwasha kishungi cha nyasi nikakitupa. Kiliteremka kidogo kisha kikazima, ghafla, kama kimebanwa na vidole. Kabla hakijazima niliona gauni la Damari. Limelala. Halitikisiki.

Sasa hili. Nilimshika Yona. Nilimfunga kamba kiunoni, mwanangu wa kwanza, analia, ananishika nguo, nami nilikuwa namwambia ni karibu tu, ni mara moja tu, mshike mdogo wako. Nilikuwa nimeshamwingiza miguu. Ningemshusha. Mungu anajua na mimi najua.

Mwaja ndiye aliyepiga kelele. Alikuwa kwenye mpaka, pale ilipokuwa minyaa, haingii. Sijawahi kusikia mtu mzima akipiga kelele vile. "Usimshushe! Mama Yona, usimshushe mtu! Pumzi ya mle inaua! Teremsha kamba tupu! Kamba tupu!"

Nikamtoa Yona. Nikamfungua, kucha zimevunjika. Nikateremsha kamba. Nikapiga kelele, Dama, shika, Dama, jifunge. Huyo ni mtoto wa miaka mitatu. Hawezi kufunga hata kanga. Nilijua ninaita bure, na bado niliita.

Ndipo ile sauti ya kukwangua ikaanza. Chini kabisa. Kwaru, kwaru. Na nilimwona Mwaja akiziba mdomo. Ikawa inakwangua, halafu ikaacha.

Kamba ikasogea. Si kuvutwa. Ilisogea huku na huku, kama anayefunga mzigo na hana haraka. Kisha ikakaza. Kisha ikavutwa mara mbili.

"Vuta," Mwaja akasema, sauti imemwisha. "Mara mbili ni kuvuta."

Nikavuta. Mzito kuliko siku zote. Ukatoka mkono, kikatoka kichwa, nikamshika kwa nywele, kwa gauni, kwa chochote. Midomo imekuwa ya majivu. Nilimpiga mgongoni, nikampulizia, nikampiga tena. Akatapika makapi meusi. Akavuta pumzi, akalia. Nami nikalia, na Yona, na Foibe. Ua mzima ukawa kilio.

Kamba ilikuwa imempita chini ya makwapa, ikazunguka kifua mara mbili. Fundo lilikuwa mgongoni, katikati ya mabega. Nimejaribu kufikisha mkono wangu pale kwenye mgongo wangu mwenyewe. Haufiki.

Nilishindwa kulifungua. Mwaja akavuka mpaka. Alikuja kwa magoti, vile alivyoanguka ndivyo alivyokuja. Akaligusa fundo, akaligeuza, akashika mkia mdogo uliokuwa umefichwa chini, akavuta mara moja. Likafunguka lote.

"Hili ni la baba," akasema. "Alitufundisha wawili tu."

Jumamosi, 21 Oktoba

Damari amekula. Uji mara tatu. Ana kidonda kifuani mahali kamba ilipokaza. Namtazama akilala, naweka kidole puani kwake, natoa, naweka tena.

Mwaja kaja asubuhi, kakaa jikoni kwangu, kaeleza yote bila kusita, maana aliyebeba jambo miaka ishirini hana haja ya kulitafutia maneno.

Mahame haya ni kwao. Alizaliwa kwenye lile tembe lililoanguka. Mwaka ule ng'ombe walipokufa wote na mvua ikakataa, baba yake alikwenda kutafuta nafaka upande wa Kondoa. Mama alikuwa kitandani. Ndani ya shimo zilikuwa zimebaki punje za kukwangua tu, na mdomo wa shimo ni wa mtoto mdogo. Ndivyo walivyokuwa wakifanya wote: mtoto hushushwa amefungwa, akifika chini hujifungua, anakwangua, anafunga kibuyu kwenye kamba, kibuyu kinapanda. Mwisho anajifunga mwenyewe lile fundo na kuvuta mara mbili.

Mwaja alikuwa na miaka minane au tisa, hapiti tena. Mdogo wake Nyemo alikuwa na mitano, anapita. Walikubaliana wawili, bila kumwambia mama. Baba yao kila mara alikuwa akiliacha shimo wazi usiku kucha ndipo amshushe mtu. Mwaja aliiona hiyo desturi lakini hakuijua sababu yake, kwamba ni pumzi mbaya itoke kwanza, na alikuwa na njaa. Hakungoja. Alifungua na kumshusha saa ile ile, saa saba, mama amelala.

Kibuyu kilipanda mara mbili. Mara ya tatu aliteremsha kamba tupu ili Nyemo ajifunge, ikapanda tupu vile vile.

"Nilimsikia akikwangua," alisema. "Nikamwambia Nyemo, acha, jifunge. Alikuwa anakwangua polepole. Halafu sikumsikia."

Alimwambia mama yake. Mama akatambaa hadi pale, akaita hadi jioni. Alivuta jiwe lake mwenyewe la kusagia akalifunika nalo shimo, na hakusaga tena. Baba aliporudi alipanda minyaa, wakahama. Watu waliambiwa ni fisi. Mwaja alipoolewa aliolewa hapa jirani, bahati mbaya au vinginevyo.

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia tangu siku ya kwanza. Nilimwuliza kwa ukali, nina haki. Alisema angeanzaje. Nilikaa nikafikiri. Kweli, angeanzaje. "Karibu Dodoma, nilimuua mdogo wangu uani kwako." Na mimi nani nimhukumu? Jana nilikuwa nimeshamwingiza Yona miguu.

Jiwe nimelilaza kifudifudi. Unga uliobaki nimewamwagia kuku. Wameula wote. Kuku hawana habari.

Jumapili, 22 Oktoba

Sikwenda ibada. Tumechimba. Mimi, Mwaja na mume wake, ambaye amejua leo alfajiri na anachimba tu. Tulianzia pembeni tukakata ukuta wa shimo, tukaliacha wazi hewa iingie na kutoka hadi saa nane. Watoto nimewapeleka kwa mke wa mwalimu.

Mwaja aliingia peke yake. Tulimwachia.

Nyemo alikuwa amekaa, mgongo ukutani, amekunja magoti. Mdogo sana. Mifupa yote ingetosha kwenye ungo mmoja, na ndani ya ungo ndimo tulimomweka. Kuta zilikuwa zimekwanguliwa kote, urefu wote ambao mkono wa mtoto wa miaka mitano unafika. Na mbele ya miguu yake palikuwa na rundo. Uwele mweusi, umekusanywa vizuri, umesawazishwa kwa kiganja. Ujazo wa kibuyu kimoja.

Kazi alikuwa ameimaliza. Alikuwa anangoja kibuyu.

Mwaja alipoliona hilo rundo ndipo alipolia. Mume wake akaweka jembe chini, akamgeuzia mgongo, mabega yanatikisika.

Tumemzika kwao, kwa desturi zao. Mimi nimesali yangu moyoni. Hakuna aliyenizuia.

Jumatatu, 23 Oktoba

Ukaguzi. Bwana daktari kaja na miwani ya jua na yule askari. Kazunguka ua, hakuona hata kopo. Kafika kwenye shimo letu lililochimbuliwa, kauliza ni la nini. Askari kanitazama. Mimi nimemtazama askari. Askari akamtafsiria kwamba ni shimo la takataka.

Bwana daktari amefurahi. Amesema kila nyumba Dodoma ichimbe la namna hii.

Nimeingia ndani nikacheka hadi machozi. Si kicheko kizuri. Mchana tumelifukia, mimi na Yona. Yona anafukia kwa bidii sana. Hazungumzi nami bado. Akinikaribia, huwa ananitazama mikono kwanza. Najua anachokumbuka. Hilo hakuna fagio la kulifagia.

Alhamisi, 26 Oktoba

Saa saba nimekaa uani makusudi. Kimya. Sauti ya njiwa tu.

Foibe kagawa chakula, vibakuli vitatu na changu. Yona kala mbali, mgongo kwangu. Halafu, bila kuitwa, kaja kuniomba nimtoe mwiba. Nimeutoa polepole kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 29 Oktoba

Mawingu kidogo upande wa mashariki. Mvua bado.

Baada ya ibada Mwaja kaja, kwa mara ya kwanza kwa kupitia uani. Kaleta maziwa ya mgando na mlenda mkavu. Tumekaa kwenye kivuli cha ukuta, hatukuwa na mengi. Yeye anasuka kikapu, mimi nashona kaptura ya Yona. Ua ni mtupu na safi, unaonekana mkubwa kuliko nilivyodhani. Nitapanda karanga.

Saa saba watoto walikuwa wamelala. Damari akaamka, akatoka nje akifikicha macho. Nimewafundisha wote watatu: mtu mzima ni shikamoo kwanza, ndipo mengine. Alinipita bila kuniangalia. Akaenda akapanda kwenye mapaja ya Mwaja, akakaa, akamwekea kiganja shavuni. Akasema wazi wazi, bila kigugumizi chake:

"Dada, ulikawia."

Mwaja hakushtuka. Aliweka kikapu chini.

"Nilikawia, mdogo wangu," akasema.

Damari akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu linalomtosha. Akaegama, akalala tena. Mwaja amemshika hivyo hadi jua lilipoteremka, mguu wake lazima ulikufa ganzi, na mimi nimeshona kaptura hadi mwisho na sikumwambia mwanangu aamkie.